Hatua Mbili za Masale

Bahari ya huku haina chumvi. Hupanda asubuhi za masika kutoka bonde la Moshi, nyeupe, kimya, ikimeza kwanza mashamba ya miwa, kisha mapaa ya mtaa wa Soweto, kisha mnara wa kanisa, mpaka ifike chini ya migomba ya Dominika na kusimama hapo kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Digna, bintiye, ameitazama tangu utotoni. Ni ukungu tu, anajua, na bado kila ukipanda huutua mzigo wake wa majani ya ng'ombe na kutazama.

Mwaka huo redio ilizungumza habari za bahari ile nyingine, yenye chumvi. Kimbunga kilikuwa kinazunguka huko mbali, walisema, na hata kisipofika nchi kavu, mvua yake itafika. Watu wa miteremkoni walisikia, wakageuka kuuangalia mto. Mto ulikuwa umelala, mwembamba, ukinong'ona na mawe yake. Lakini mwaka juzi uliamka siku moja tu, ukaondoka na daraja na ng'ombe wawili, na hakuna aliyesahau.

Digna alikuwa katibu wa kamati ya maafa ya kitongoji, cheo kisicho na kiti wala chai. Alinunua karatasi ya manila, akachora mpango wa kukimbia mafuriko. Kengele ya kanisa ikilia bila kupumzika, kila mtu aache alichoshika. Ng'ombe wafunguliwe kamba. Wasioweza kutembea wabebwe kwa viti. Nyumba zote kumi na nne za kando ya mto zipande kwa njia moja, maana njia ya zamani hupita korongoni, na korongo ndilo hujaa kwanza. Njia hiyo moja ilikatiza kihamba cha mama yake, shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa na kaburi la baba, ikaingia kihamba cha Mzee Wenseslaus, ikatokea shuleni, juu, palipo salama.

Kati ya vihamba hivyo viwili palikuwa na mstari wa masale.

Ukilitazama, isale ni mmea wa kawaida, majani marefu ya kijani yasiyojua kiangazi. Lakini huku isale ni mpaka, na isale ni msamaha. Aliyekosa hulifunga jani lake fundo, akampelekea aliyemkosea, na jani hilo halikataliwi. Hakuna alifyekaye kama nyasi, wala alirukaye kama mfereji.

Na kwa miaka kumi na moja, tangu walipomzika Vedastus, mume wa Dominika na ndugu yake Wenseslaus, wazee hao wawili walikuwa hawaamkiani. Kanisani mmoja alikaa upande wa kulia, mwingine wa kushoto. Kahawa yao waliipeleka chama cha ushirika siku tofauti. Watu walishazoea kununa kwao kama walivyozoea baridi ya Julai.

Siku ya zoezi jua lilikuwa zuri mno, hata hatari yenyewe ilionekana kama hadithi. Kengele ililia. Wakapanda wakicheka, watoto mbele, kuku kwapani, Dominika juu ya kiti kilichobebwa na vijana wanne kwa sababu goti lake moja lilikuwa limeshagoma. Walipofika kwenye masale, msafara ukasimama.

"Nishusheni," alisema Dominika. "Mimi sipiti hapo."

Wazee wote nyuma yake wakasimama pia. Kalamu ya buluu ya Digna ilikuwa imepita pale bila shida yoyote, na ndipo alipoona alichokosea. Yeye aliyezaliwa hapa alikuwa amechora njia kana kwamba miguu ya watu wa hapa ni miguu tu.

Afisa aliyetoka wilayani akatazama saa yake. "Si mfyeke tu hayo majani?"

Mapanga yalikuwepo mikononi mwa watu. Hakuna lililoinuka.

Upande wa pili Mzee Wenseslaus alisimama akiegemea fimbo.

"Shikamoo, baba," alisema Digna. "Tunaomba njia."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sijamzuia mtu. Ila mpaka huu, hapo ulipo, sikuupanda mimi."

Jioni, jikoni, Digna alisukuma kuni na kusema polepole, "Mama, funga isale nimpelekee."

"Kwani nimekosa nini?" alijibu mama yake, akiutazama moto.

Digna aliogopa. Hakuogopa mto, aliogopa yale majani. Usingizini alimwona mama yake amekaa juu ya kile kiti, maji yakimzunguka taratibu, naye haombi msaada. Akiamka, alimsikiliza akipumua upande wa pili wa ukuta, na alimpenda kwa hasira.

Kisha mvua ikaja. Siku tatu ilinyesha bila kupaza sauti, bila radi, bila upepo, mvua ya subira. Asubuhi ya nne bahari haikungoja chini ya migomba. Ilikuwa imeingia kila mahali, hapakuwa na juu wala chini, na ndani ya weupe ule mawe ya mto yalisikika yakigongana. Kengele ililia bila kupumzika.

Waliacha walichoshika. Walifungua ng'ombe. Hakuna aliyecheka. Vijana wanne walimpandisha Dominika, matope yakiwafika magotini, na nyuma yao kahawa ya chini ilianza kulala, mche baada ya mche. Mbele yakatokea masale, yamenyooka, yanadondosha maji.

"Nishusheni."

"Mama," alisema Digna, "nakuomba."

"Nishusheni, nimesema."

Alisimama kwa mguu wake mmoja mzima. Akanyoosha mkono, akachuma jani. Vidole vyake, visivyoweza tena kutunga uzi kwenye sindano, vikalifunga fundo. Ng'ambo, ndani ya ukungu, alikuwepo mtu aliyejifunika gunia kichwani, aliyesimama pale tangu kengele ya kwanza.

"Shemeji," alisema Dominika. Neno hilo lilikuwa halijatoka mdomoni mwake kwa miaka kumi na moja. "Niliyasogeza. Hatua mbili, ndani kwako. Wiki ile tulipomzika Vedastus. Niliogopa kwamba mjane atamezwa, nikatangulia kumeza."

Wenseslaus alilipokea jani kwa mikono miwili, akalitia mfuko wa shati.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nakungoja."

Wakainama wote wawili, mkono wa huku na mkono wa kule, wakang'oa isale moja, la pili, la tatu, pamoja na mizizi yake, mpaka pakapatikana upana wa kiti. Nyumba kumi na nne zikapita hapo.

Mto uliondoka na kahawa ya chini, zizi, na jiko lenye ule moto. Kaburi la Vedastus ulilibakiza ukingoni. Wiki iliyofuata, mbingu zilipotulia, Digna alipima kwa miguu: hatua arobaini za kihamba hazikuwepo tena.

Akachukua masale yaliyong'olewa, apande huku na huku kando ya njia.

"Yarudishe nyuma hatua mbili," alisema mama yake.

"Acha hapo hapo," alisema Wenseslaus kutoka upande wake. "Mto umekuchukulia arobaini, shemeji. Hizo mbili kaa nazo."

Chini, bonde la Moshi lilianza kujaa weupe. Ukameza miwa, ukameza Soweto, ukapanda hadi migomba iliyobaki, na safari hii haukusimama. Ulipita kwenye uwazi ule wa upana wa kiti, ukaingia kwa jirani.

Digna aliweka jembe chini. Akamfuta mama yake mashavu kwa kiganja, kisha, kama alivyofanya utotoni kwa kila kitu, akakiweka kiganja mdomoni. Kilikuwa na chumvi.