Mali Haipo

Kabla ya mradi nilikuwa napika pombe ya kangara hapa Kwihara, na watu walinisema wee, mpaka kanisani. Ulipokuja mradi wa mifuko inayooza, wakatafuta mtu anayejua kuchachusha vitu. Wakaniona mimi Tekla. Ghafla nikaitwa fundi.

Kazi yenyewe si uchawi. Unatoa maji ya sukari kwenye magunzi ya mahindi, unawapa wadudu wasioonekana kwa macho. Wakishazaliana, unawabania chakula kingine, sukari unawajazia. Wananenepa. Unene wao huo ndio plastiki, na ukiifukia udongoni, wadudu wenzao wanaila mpaka inakwisha. Kwenye tanki niliandika kwa rangi nyekundu, WADUDU WAMO, ili mtu asije akamwaga maji ya sabuni humo.

Mratibu wetu, Bwana Wilbroad, hajui mdudu wala gunzi. Anajua semina. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi minne, na mwenyewe aliniahidi, "Mama, mfuko ukithibitika kuoza mbele ya watu, nakuongezea miaka miwili." Nina watoto wawili sekondari na sikutaka kurudi kwenye mitungi. Nikakaza.

Wiki ya kuja mgeni rasmi, Wilbroad akakagua eneo, akasoma tanki. Basi mwenzangu, yule bwana si akampigia simu mpuliza dawa! Nilipofika asubuhi, kifuniko kiko wazi, tanki linanuka dawa ya kunguni, wadudu wangu wote marehemu. Nilipiga ukunga majirani wakadhani nimefiwa.

"Mama, si umeandika mwenyewe kwamba kuna wadudu?" ananiambia. "Mgeni rasmi angetuonaje?"

Nikakaa chini nikalia. Ulibaki mfuko mmoja tu niliokuwa nimeshautengeneza, rangi yake kama uji wa ulezi, unanukia kangara kwa mbali. Wilbroad aliuangalia akakunja pua.

Siku yenyewe akatoa wa kwake, mweupe, unang'aa, umepigwa muhuri wa mradi. Loo! Nikautambua. Ni ule uliofunika suti yake mpya alipoichukua kwa fundi kule Kanyenye. Hata tundu la kupitishia hanga lilikuwepo, amelikunja tu.

"Huo si wetu!" nikasema mbele ya watu wote. "Wetu ni huu hapa."

Mgeni rasmi akatazama upande wa masufuria ya pilau, akasema, "Fukieni yote miwili, muifukue baada ya miezi mitatu." Ikafukiwa, wa Wilbroad namba moja, wangu namba mbili.

Mvua ilinyesha vizuri mwaka huo. Sijawahi kumwomba Mungu kitu kioze kama nilivyoomba. Mkataba ulipobakiza siku chache, kamati ya mradi ikaja, mwenyekiti wake Mzee Lugembe, kashika fomu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Haya, tufukue."

Namba moja ukatoka mzima. Wakausuuza kwenye ndoo, muhuri ule ule, tundu la hanga lile lile. Wakahamia namba mbili. Udongo mtupu. Jembe likapita mara ya pili, likapita mara ya tatu, hakuna hata uzi. Nikapiga vigelegele, nikacheza peke yangu pale shimoni.

"Mama, mfuko uko wapi?" akauliza Mzee Lugembe.

"Umeoza, mzee!"

"Fomu haina kuoza."

Akanionyesha. Ilikuwa fomu ya kukagua mali, ile ile wanayokagulia viti na pikipiki za ofisi. Ina sehemu tatu tu: Nzima, Mbovu, Haipo. Nikamweleza, nikamsihi, nikamshika mkono. Wilbroad kando anatazama viatu vyake. Mzee akaweka alama kwa utaratibu, namba moja Nzima, namba mbili Haipo, akaniomba nisaini.

Wilbroad amepewa cheti na nyongeza ya mkataba ya miaka miwili, kwa mfuko uliostahimili masika. Mimi nimeandikiwa barua, nieleze ndani ya siku saba mali ya mradi nimeipeleka wapi.

Nimejibu kwa sentensi moja: mliikanyaga mlipokuwa mkiitafuta.