Kabla ya Amina

Pampu mpya ya maji hapa Mutomo nilishaitia grisi, lakini ilikuwa bado inavuja kwenye shafti, kile chuma kinachozungushwa na mota. Nikaingiza mkono kukaza kamba ya kuziba maji. Mchungaji wetu, mtu asiyejua kungoja fundi, akaanza maombi ya ufunguzi. Kanisa zima likafumba macho na kuomba kwa sauti, hata mwenyekiti Mbithi, kidole juu ya swichi, akingojea "Amina" aiwashe.

Nikavuta mkono. Sweta ilikuwa imenasa kwenye boliti ya shafti.

"Ngojeni!" nikapiga kelele. "Yesu wangu, mkono wangu!"

"Haleluya!" wakaitikia, wakipiga makofi.

Nikalia zaidi.

"Roho ameshuka!" mchungaji akanguruma. "Mguse fundi wetu Kanyiva, Baba! Na watu wote waseme..."