Malipo ni Kahawa

Kila vuli, kabla barafu haijashika, wenye bwawa hushusha maji ya ziwa ili barafu isije ikavunja gati za watu. Pale watoto wanapoogelea Julai, Desemba huwa ni mchanga mtupu uliokakamaa. Hapo ndipo Reino Lahti alipokuwa akishinda na mashine yake ya kutafutia chuma, hedifoni juu ya kofia ya sufu, na hata kunguru wa kumsindikiza hakuna.

Msimu uliopita walikuwa wawili. Lakini Waino, rafiki yake wa tangu shule, alichukuliwa na binti yake kwenda kuota jua Arizona, na sasa amebaki sauti ya simu ya Jumapili.

"Bado unachimba takataka, we mzee?"

"Bado."

Na kweli. Dhahabu na kile kishikio cha kufungulia kopo la bia hutoa mlio mmoja. Mwenye haraka huviruka vyote viwili. Reino haraka ya nini? Alichimba kila mlio mpaka mifuko ikajaa vishikio, kwa sababu akiacha kuchimba ilibidi arudi nyumbani.

Na dhahabu yenyewe wala hakuitaka. Yeye na Waino walikuwa na sheria yao: pete ikipatikana, mwenyewe harudishiwi kwa fedha, ila sharti aje aketi jikoni anywe kahawa. Tangu Waino aondoke, jikoni mwa Reino hajaketi mtu. Reino alitaka mtu aketi, basi.

Alhamisi moja mashine ikalia ule mlio wa siku zote. Akabandua gamba la mchanga ulioganda, akitarajia kishikio kingine, akaokota pete. Ndani imechongwa: Marlys na Dale. Marlys katika wilaya ile ni mmoja tu, yule mwenye duka la matairi ng'ambo ya ziwa. Reino akampigia. Marlys akasema, "Nakuja."

Reino akaoka nisu, mkate wa iliki aliofundishwa na mama yake. Akachana nywele. Akapanga vikombe viwili mezani, akakipangusa cha mgeni ingawa kilikuwa safi.

Marlys hakuingia. Alisimama mlangoni, gari likinguruma nyuma yake.

"Nani kakutuma uitafute?"

"Hakuna. Nimeiokota tu, nikadhani..."

"Mzee wangu, mimi sikuipoteza. Niliitupa! Nilisimama pale gatini nikaitupa kwa nguvu zangu zote, na usiku ule ndio nikalala usingizi wa maana. Leo unaniletea tena?"

Uso ukamwaka Reino. Shukrani ya punda ni mateke, lakini hapa hakujua punda ni nani kati yao.

"Kaiuze," Marlys akasema.

"Siuzi. Sheria yetu hairuhusu."

"Basi nipe, nikairudishe."

Wakashuka wote wawili hadi ziwani, pete mkononi mwa Marlys. Pale mchanga ulipoishia, barafu ilikuwa imeanza kushika. Marlys akavua glavu, akarudisha mkono nyuma.

"Usiitupe mbali sana," likamtoka Reino.

Mkono ukasita. "Kwa nini?"

Angeweza kudanganya. Baridi ilimchosha, na upweke ulimchosha zaidi. "Mwakani maji yakishushwa, nataka niweze kuipata."

"Ili iweje?"

"Ili nikupigie simu."

Marlys akamtazama: zile nywele zilizochanwa, unga uliomganda kwenye kifundo cha mkono. Hakucheka. Akaitupa pete polepole, kama mtu anayewarushia kuku punje. Ikateleza juu ya barafu, ikasimama si mbali na buti zao.

"Mwakani nitaingia ndani," akasema. "Leo siwezi. Nikiketi leo nitalia, na sitaki kulia kwa ajili ya Dale."

Akaondoka. Reino alirudi akaikuta kahawa imepoa, akainywa hivyo hivyo. Kikombe cha pili hakukirudisha kabatini.

Jumapili simu ikalia.

"Haya, takataka gani wiki hii?" Waino akauliza.

"Nimepata mgeni," Reino akasema. "Ila ni wa mwakani."