Kiwele cha Gemsi

Asubuhi ya maonyesho ya ng'ombe, mzee Gallus Rutz alivaa suruali ya manjano na kizibao chekundu cha sherehe, vifungo vikakataa kufunga. Kifua kilikuwa kimevimba, na shati limelowa maziwa pande zote mbili. Binti yake Idda alimpa taulo.

Kule bondeni hilo si jambo geni. Kila Oktoba huwapata wale wanaoacha kukamua tangu jana yake na kuziba chuchu za ng'ombe kwa gundi, ili kiwele kitune mbele ya jaji. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Hawa hata uchungu wenyewe haukuwafunza kitu. Wao husingizia baridi.

Uwanjani, ng'ombe wao Gemsi alisimama ametanua miguu ya nyuma, majani hataki. Idda alimshika shavu.

"Baba, anaumia. Niache nimkamue."

"Na mimi je, siumii? Mbona navumilia?"

"Wewe unataka kengele ya ushindi. Yeye anataka nini?"

"Ukimgusa kabla jaji hajapita, mchukue uondoke naye. Kwangu msirudi."

Jaji Neff alikuwa amefika kwa ng'ombe wa pili kutoka pale. Idda akaleta kigoda na ndoo, akalainisha gundi kwa mafuta, akaanza kukamua mbele ya bonde zima.

"Mzee Gallus, mfunge kamba huyo binti!" mfugaji mmoja akapiga kelele, mikono kaitanua mbali na kifua kilichovimba.

"Njoo unifunge wewe," Idda akajibu bila kugeuka, "kama mikono yako inashuka."

Haikushuka. Makwapa yalikuwa yanamuuma mno.

Ndoo ilivyojaa ndivyo kifua cha Gallus kilivyonywea. Alifumba macho, akashusha pumzi ya mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Gemsi akainamia majani, akala. Kisha Gallus akafumbua macho.

"Umeniaibisha," akasema.

Gemsi aliwekwa wa mwisho. Mshindi alikuwa ng'ombe wa jirani, na mwenye ng'ombe huyo aliipokea kengele kwa mikono iliyonyooka, asithubutu kuikumbatia.

Mwaka uliofuata kamati iliweka langoni meza ya vitambaa vya kukaushia maziwa kifuani, bure kwa wanaume wote. Watu waliisifu sana kamati. Idda alitoka alikopanga chumba tangu siku ile, akaingia na Gemsi aliyekamuliwa alfajiri, akasimama mstari wa mbele.

"Wa mwisho tena, Idda," jaji akasema. "Hujachoka tu?"

"Mwakani nakuja tena. Andaa maneno mengine."

Gallus alikuwa na ng'ombe mpya, kiwele kimetuna hadi kinang'aa. Alimsogelea binti yake taratibu, mikono mbali na mbavu.

"Idda," akanong'ona, "ndoo unayo?"

"Ninayo, baba. Mlete."

Gallus akamtazama ng'ombe, akamtazama jaji anayekuja. Akaenda langoni kuchukua kitambaa kingine.