Koti la Homa

Nyayo za wale paka wachanga zilikuwa nyeusi, na hazikupaswa kuwa nyeusi.

Walikuwa wanne, wana wiki tatu tangu wazaliwe, wamelala kwenye sanduku la mbao lililotandikwa blanketi kuukuu. Mama yao alikuwa wa kijivu. Baba yao, kwa mujibu wa daftari, alikuwa wa kijivu. Babu na bibi zao, vizazi vitatu kurudi nyuma, wote kijivu. Na kijivu kwa kijivu hakizai cheusi. Mwenye nyumba alilijua hilo kama alivyolijua jina lake.

Aliyeziona nyayo ni dada yake, dobi, ambaye kila wiki alikuja kuchukua mablanketi ya paka ayafue. Alimnyanyua mmoja ili abadilishe tandiko, akamgeuza chali, kisha akaita bila kupaza sauti.

"Kaka, hebu njoo uone hizi nyayo."

Kaka akaja huku anafuta mikono kwenye suruali. Akatazama, akasema ni kivuli. Dada akampeleka paka dirishani kwenye mwanga. Kaka akasema basi ni uchafu wa sandukuni. Dada akalowesha pembe ya kitambaa, akasugua taratibu, weusi ukabaki palepale. Kaka akasema zitakwajuka zenyewe, akarudi alikokuwa, na maneno yakaishia hapo.

Mtaani walimwita Baba Nyau. Hakuwa na mtoto wala mke, alikuwa na paka saba na brashi zake. Kazi yake ilikuwa kupaka nyumba rangi, miaka ishirini na sita sasa, na watu hawakuacha kumtania kwamba mchana anapaka kuta, jioni anapaka paka. Shule aliiachia darasa la tano. Lakini ukimwonyesha ukuta uliopakwa miaka kumi iliyopita, ukapigwa jua na mvua, yeye atachanganya ndoo moja ya rangi papo hapo, apake kiraka, na wewe mwenye nyumba usikione kiraka kilipo. Macho yake hayajawahi kukosea rangi. Ndicho kitu pekee alichojivunia mbele za watu.

Habari za paka alifundishwa na Mwalimu, mama mmoja mstaafu aliyefuga paka wa kijivu tangu zamani. Alikwenda kumpakia sebule, akabaki kumuuliza maswali. Mwalimu hakumpa kitabu. Alimwaga maharage mezani, meusi na ya kijivu, akamwambia kila paka anatembea na punje mbili, moja ya mama, moja ya baba. Kijivu ni nyeusi iliyofifia. Punje moja nyeusi inatosha kumfanya paka awe mweusi, maana inaifunika ile iliyofifia. Paka wa kijivu hana punje nyeusi hata moja, amebeba mbili zilizofifia. Sasa huyo wa kijivu, Mwalimu alimuuliza, nyeusi ya kumpa mtoto ataitoa wapi? Baba Nyau alikaa na maharage yale mpaka chai ikapoa. Ilikuwa mara ya kwanza somo kumwingia bila fimbo.

Uzao huu wa nne ndio aliokuwa akiusubiri miaka tisa. Chama cha wafugaji kilikuwa na kanuni: ukifikisha vizazi vinne vya rangi safi, ukoo unaandikwa kwa jina la nyumba yako. Kibao alikwisha kukipaka mwenyewe, herufi nyeupe juu ya kijivu, kimeegemezwa nyuma ya mlango kikisubiri cheti. Dume alikuwa wa Mwalimu. Na kwa desturi ya wafugaji, mwenye dume halipwi: watoto wakifika miezi mitatu, yeye anakuja kuchagua mmoja kwanza, kabla ya mtu yeyote.

Kwa hiyo nyayo zile hazikuwa jambo la kusahau. Na Baba Nyau hakusahau. Alijua weusi ule umetoka wapi tangu siku ulipoingia.

Jike alikaa siku tatu kwa Mwalimu, akarudi nyumbani bado anaita dume. Kesho yake Baba Nyau aliamua kupaka fremu ya dirisha la banda, maana wakaguzi wa chama wangepita. Aliutoa wavu, akamfungia jike chumba cha ndani. Komeo la mlango ule lilikuwa bovu, akaegemeza kopo la rangi. Brashi ikamharibikia, akatoka kwenda kuchukua nyingine mahali alipokuwa na kazi. Hakukawia, saa moja hivi. Aliporudi kopo lilikuwa limelala ubavu, jike amekaa dirishani anajilamba, na kwenye rangi mbichi ya fremu zilikuwepo alama za nyayo. Zilikuwa kubwa mno kuwa zake. Zilikuja mpaka ndani, zikarudi nje.

Juu ya ukuta wa nyuma alikuwa amekaa dume mweusi, mkongwe, sikio limechanika, ute unamning'inia kidevuni. Alimtazama Baba Nyau bila haraka, kisha akashuka upande wa pili.

Baba Nyau alichovya brashi akapaka juu ya zile alama. Mara mbili, mpaka zikapotea. Akarudisha wavu. Hakumwambia mtu.

Wiki tatu baadaye jike alikataa chakula. Mwili ulichemka siku mbili, akainuka. Daktari wa mifugo hakuitwa. Na siku zilipotimia walizaliwa watoto wanne wa rangi ya fedha, wanang'aa kama kijiko kipya. Baba Nyau alipiga simu kwa Mwalimu, akamweleza rangi hiyo.

Mwalimu alicheka. Akasema hilo ni koti la homa. Mama akiumwa homa mimba ikiwa tumboni, manyoya ya watoto hutoka yamefifia nchani, na rangi yao hasa huja baadaye, inaota kutoka chini. Asiamini manyoya, akamwambia, aangalie nyayo na pua, kwani hizo haziugui homa. Halafu akauliza mama yao aliumwa nini. Baba Nyau akajibu mafua tu.

Wiki ya nane, koti lilianza kufunguka. Dada alikuja na mablanketi, akampakata mmoja, akampuliza shingoni. Manyoya yakagawanyika, na chini ya fedha, kwenye mashina, kulikuwa na weusi wa mkaa. Akapuliza mgongoni, weusi. Akapuliza nyuma ya masikio, weusi. Ulikuwa unapanda.

Ndipo alipomweleza kwamba yule dume mweusi mzee aliyezoea kukaa ukutani amemkuta amekufa kwenye mfereji, njia ya kwendea kazini. Amekonda, ngozi na mifupa. Mdomo ulikuwa wazi na fizi zake nyeupe kama karatasi.

"Mwambie Mwalimu," akasema. "Kaka, mwambie tu kwamba yule dume alipita. Atakucheka siku moja, yaishe."

"Na kile kibao nikiweke wapi?"

"Kiweke unapotaka. Kichemshie hata chai."

Wiki nne zilizofuata Baba Nyau alikuwa akiwachana watoto kila asubuhi, manyoya yalale, mashina yasionekane. Mmoja, jike mdogo, fedha yake ilikuwa imeshika kuliko wenzake. Huyo akaanza kumtengea kikapu.

Macho ya Mwalimu yalikuwa yameingia ukungu, yote mawili. Alikuwa kwenye orodha ya upasuaji. Mwanga aliuona, na umbo la mtu mlangoni, lakini rangi zilikuwa zimemkimbia. Hakuweza tena kutoka kwenda kuchagua, kwa hiyo alimwambia Baba Nyau amchagulie yeye, maana macho ya mpaka rangi anayaamini kuliko yake ya zamani.

Akaletewa kikapu. Sebule ilikuwa ileile aliyoipaka Baba Nyau, na paka kumi na mmoja wamejaa kila mahali, juu ya kabati, chini ya meza, kwenye mapaja. Dume mkubwa, mwenye miaka tisa, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Mwalimu akampokea mtoto kwa mikono miwili. Akampapasa fuvu, masikio, akauvuta mkia mpaka nchani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akashika mguu mmoja wa mbele, akabonyeza nyayo kwa kidole gumba.

"Hizi za rangi gani?"

"Kijivu," Baba Nyau akasema.

"Kijivu gani?"

"Kama risasi ya penseli, Mwalimu."

Mwalimu akatabasamu. Jibu lilikuwa kamili, la mtu wa kazi.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Paka yeyote mgeni hukaa wiki tatu chumba cha uani, bakuli lake peke yake, mpaka apimwe damu. Baba Nyau mwenyewe aliwahi kurudishwa mlangoni, yeye pamoja na paka wake. Akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtoto atatengwa.

"Nimtenge mtoto wa nyumba hii?" Mwalimu akasema. "Baba yake si huyo hapo kwenye kiti? Hata mama yake alipimwa damu kabla ya kulala humuhumu siku tatu."

Akamweka chini. Mtoto akanyoosha mgongo, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye bakuli kubwa la maji, akaanza kunywa. Dume mkubwa akashuka kitini, akamnusa, akaanza kumlamba kichwa.

Baba Nyau alikuwa na nafasi ya kusema. Alikaa pale nusu saa nzima. Alikunywa chai, akaulizwa habari za dada yake, akasema hajambo. Akaaga.

Wiki sita baadaye, mmoja wa watatu waliobaki nyumbani hakuamka. Dada ndiye aliyempandisha midomo, akaona fizi. Nyeupe, kama za yule wa mfereji. Hakumuuliza kaka yake, alimpigia daktari wa mifugo mwenyewe.

Daktari alitoa tone la damu kwa kila paka, akapanga vipimo mezani kama mtu anayegawa karata. Mstari mmoja, mzima. Mistari miwili, anao ugonjwa wa damu wa paka, ule unaopita kwa mate, kwa kulambana na kula bakuli moja, na mama humpa mtoto tangu tumboni. Dawa ya kuuondoa haipo. Walingoja dakika kumi, mistari miwili ikaanza kujitokeza. Kisha daktari akauliza walizaliwa wangapi. Wanne, dada akasema. Daktari akahesabu wawili wa sandukuni na yule aliyefunikwa kitambaa, akauliza wa nne yuko wapi.

Kwa Mwalimu walikwenda wote watatu, daktari, dada na kaka. Daktari alieleza kwa upole. Mwalimu alisikiliza, mikono juu ya magoti, halafu akaomba aletewe yule mdogo. Akamshika mguu wa mbele, akauelekeza kule ilikokuwa sauti ya daktari.

"Daktari, nyayo za huyu ni za rangi gani?"

Daktari hakujua anaulizwa nini. "Nyeusi, mama. Kama lami."

Mwalimu alibaki ameushika ule mguu. Uso wake haukugeuka kwa Baba Nyau, ingawa alijua amesimama wapi. Akamwambia daktari aanze na dume wa kitini.

Hesabu ni hii. Kwa Baba Nyau: mmoja aliyekufa sandukuni, nduguze wawili, mama yao, na majike wawili waliokula naye bakuli moja. Sita. Kwa Mwalimu: yule mtoto wa kikapuni, dume wa miaka tisa, na wanne wengine. Sita. Wachache walijifia, waliobaki walichomwa sindano ya kufisha, dada akiwafunga mmoja mmoja kwenye mablanketi aliyokuwa akiyafua. Cheti cha chama hakikuja, kwa sababu Baba Nyau hakukiomba. Kibao alikipaka nyeupe pande zote mbili. Dada yake akaacha kuja kila wiki.

Mwezi uliofuata Mwalimu alifanyiwa upasuaji, macho yote mawili, ukafanikiwa. Alipotolewa bandeji aliletwa sebuleni kwake, akawahesabu walioko. Walikuwa sita, na kiti cha dirishani kilikuwa kitupu.