Rangi Iliyokataa Kushika

Baba yangu alipiga rangi magari tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na gereji nzima ilimwita Kioo, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake ungeweza kujitazama mlangoni ukachana nywele. Mimi bintiye nashona viti vya magari, na watu wananiita Pilipili. Jina hilo sina haja ya kulieleza. Ukinisikiliza kidogo utajua lilikotoka.

Magari makubwa yalikuwa kazi, madogo yalikuwa raha. Nilipokuwa mtoto, mteja mmoja alileta gereji gari la Kimarekani la zamani, la milango miwili, lenye boneti ndefu na injini ya silinda nane iliyounguruma mpaka vikombe vikagongana kwenye kibanda cha chai cha jirani. Wapenzi wa magari hayo huyaita magari ya misuli, na ukiliona lilivyotuna mabega juu ya magurudumu ya nyuma hutauliza kwa nini. Baba alilipiga buluu iliyoiva, na mistari miwili myeupe kutoka boneti mpaka buti. Mwenye gari alifurahi hata akamletea zawadi: boksi lenye gari lile lile, dogo la kukaa kwenye viganja viwili, likiwa vipande vipande vya plastiki, unaliunda mwenyewe. Usiku ule baba alilala na boksi pembeni ya kitanda. Mama alisema sasa ameletewa mke mwenza, tena wa plastiki.

Basi ndiyo ikawa nyumba yetu. Kila mjomba wetu aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo aliporudi likizo, wenzetu waliletewa viatu, sisi tuliletewa maboksi. Jumapili baada ya chakula cha mchana baba alitandika gazeti juu ya meza ya sebuleni na mimi nikavuta kiti. Vipande huja vimeshikana kwenye fremu zake kama majani kwenye tawi. Kazi yangu ilikuwa kuvikata kwa koleo dogo, kusugua kwa msasa ile chunusi inayobaki, kisha kuvijaribu kama vinaingiana. Jaribu kwanza bila gundi, baba alikuwa akisema, maana gundi haina msamaha. Injini pekee ilikuwa na vipande vingi kuliko vyombo vya mama vya jikoni. Bomba za moshi nne huku, nne huku, feni, mkanda, betri ya ukubwa wa punje ya mahindi. Viti ndivyo nilivyovipenda zaidi. Nilichukua sindano nikachora mistari ya mshono juu ya plastiki, mmoja mmoja, ulimi nje. Leo nikikaa kwenye cherehani, najua nilianzia pale.

Kaka yangu, kifungua mimba wetu, alivumilia Jumapili chache, akapoteza usukani chini ya kochi, akafukuzwa, akaenda zake kwenye mpira. Nasi hatukumtafuta. Tulibaki wawili, mimi na baba, na harufu ya gundi na rangi, na redio ikisema peke yake. Mama hakukaa kwenye meza ile hata siku moja. Alidai harufu inampa kichwa. Alipita na chai, akaweka vikombe mbali na vipande, akatuuliza kama magari hayo yatatupeleka sokoni, akarudi jikoni. Mpaka juzi ningekuapia kwamba mama yangu hakuwa na habari na magari yale.

Mama alifariki kabla ya mvua. Sitaki kulisimulia hilo. Nitasema tu kwamba baba aliyerudi nyumbani kutoka makaburini hakuwa yule aliyekwenda. Alivuta kiti chake akalipa mgongo kabati la vioo ambamo magari yamepangwa, akakaa hapo. Ukimpa chakula anakula vijiko viwili kwa adabu, kama mgeni. Ukimsemesha anajibu kwa "hm". Mtu aliyekuwa akiamka alfajiri hata siku za mapumziko, sasa anaamka jua limeshapanda, na akiamka ni kuhama tu, kutoka kitandani kwenda kitini.

Mimi ndiye ninayeishi naye, na niliona anavyokwisha. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamwita rafiki yake fundi bodi aje amchekeshe. Fundi bodi alikaa, akachekesha, akacheka peke yake, akaaga. Ndipo kaka akapiga simu kwamba Jumamosi atakuja na gari kumchukua, akakae kwake, mji mwingine, ghorofani, apate kubadilisha mazingira. Nilisema baba hatakubali. Nikampa simu baba, nikiwa na uhakika. Baba alisikiliza, akasema, "Nichukueni tu." Sauti ya mtu anayekubali kikombe asichokitaka. Nilikwenda nje nikaufokea ukuta, kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

Kaka si mtu mbaya. Lakini najua baba angefika kule ghorofani, akapewa chumba kizuri chenye pazia zuri, akakaa akitazama lile pazia mpaka mwisho wake. Mtu akiondoka nyumbani kwake kwa sababu amechoka kuishi, harudi. Nilikuwa na siku zilizobaki kabla ya Jumamosi, na sikuwa na dawa nyingine ila moja.

Juu ya kabati langu la nguo palikuwa na boksi jipya. Nilikuwa nimelitafuta muda mrefu na kulipata kwa taabu: lile lile gari la kwanza kabisa, maana la zamani lilianguka wakati wa kuhama nyumba na halikuungika. Nilikuwa nimemwekea baba aje alifungue wakati wa furaha. Furaha ilikuwa haiji, nikaamua kutoisubiri. Nilimwekea mapajani. Alilitazama boksi, kidole chake kikapita juu ya picha ya ile buluu, nikashusha pumzi. Kisha akanirudishia. Alisema niliweke tu pale.

Hapo ndipo pilipili ilipowaka. Nikajisemea, huyu mzee sikuanza kumjua leo wala jana. Kuna kitu kimoja ambacho Kioo hawezi kukistahimili duniani, nacho ni kazi mbovu. Nilivuta meza mpaka mbele ya kiti chake, mbele kabisa, magoti yake yakiwa karibu kuigusa, nikatandika gazeti, nikaanza kuliunda gari lile vibaya kwa makusudi.

Niliyaweka matairi mapana ya nyuma mbele, na yale membamba nyuma, gari likainua pua kama mbuzi anayefikia majani ya juu. Nikapachika bomba za moshi juu chini. Betri nikaibandika juu ya feni. Gundi nilikuwa naitia tone tu, ipate kubanduka, maana na mimi nina roho, mkono ulikuwa ukinikataa. Na kila nilipomaliza uchafu mmoja nilisema kwa sauti, "Hapo sawa kabisa." Nilimwona akitazama. Nilimwona taya likicheza. Akafumba macho akaegemea kiti.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Nilipomwuliza feni inakaa wapi, alisema popote nitakapopenda. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini baba yangu alikuwa ameamua kutokuwa nayo. Nilibandua vipande vyote, nikavirudisha mahali pake kimya kimya, kwa aibu ya kumchezea mtu mwenye huzuni. Nikaona basi. Nitalimaliza mwenyewe, vizuri, nilipige rangi yake, aende nalo huko ghorofani awe na kitu cha kutazama zaidi ya pazia.

Rangi sikuwahi kupiga. Hiyo ilikuwa kazi ya Kioo. Lakini nimemtazama maisha yangu yote: bodi unaiegemeza juu ya kopo tupu, uani mahali pasipo upepo, kopo la rangi ya kupuliza unalishika mbali kidogo, mkono unatembea, hausimami. Nilifanya hivyo hivyo, mchana, kwa uangalifu mkubwa kuliko ninavyoshona. Buluu ilitua vizuri. Nilianza hata kujisifu. Kisha, mbele ya macho yangu, rangi ikajikunyata. Ikajivuta pembeni, ikaacha vidoa vya plastiki nyeupe, vidogo kwanza, vikapanuka, mpaka boneti nzima ikawa na matundu kama mkate. Nikapiga tena juu yake. Ikazidi. Nililaani kopo, nikamlaani na aliyeniuzia, nikaingia ndani na lile balaa juu ya kopo lake nikiwa karibu kulia kwa hasira.

Nilimwambia baba kwamba rangi za siku hizi ni maji matupu. Alifungua macho. Akaitazama bodi, na safari hii hakuyaondoa macho.

"Umeiosha?" aliuliza.

Lilikuwa swali lake la kwanza tangu msiba. Nami, badala ya kushukuru, nikamjibu kwa ukali kwamba naosha nini, kitu kimetoka ndani ya nailoni sasa hivi, kipya. Alisema, taratibu, kama anayemfundisha mwanagenzi, kwamba plastiki ikimiminwa kiwandani, kalibu, yaani lile umbo inamomiminwa, hupakwa mafuta ili isigande, na mafuta yale hubaki juu ya vipande, huyaoni wala huyasikii, na rangi haishiki juu ya mafuta. Lazima vioshwe vyote, na fremu zake, kabla ya jambo lolote.

Nilisema haiwezekani. Nimeunda magari naye tangu nina meno ya utoto na hatujawahi kuosha kipande hata kimoja. Boksi linafunguliwa Jumapili, tunakata, tunabandika.

Baba aligeukia mlango wa jikoni. 

"Mama yako ndiye aliyekuwa anaosha," alisema.

Kisha akasema mengi kwa mpigo, baada ya ukimya wote ule. Kwamba bodi ya kwanza kabisa, ya lile gari la zawadi, ilimharibikia vivyo hivyo, na mama alipita na chai akaiona, akamwambia gereji mnaosha magari kabla ya rangi, hili mmelidharau kwa kuwa ni dogo? Akaichukua. Tangu siku hiyo kila boksi lililoingia nyumbani lilipita jikoni kwanza. Jumamosi, tukiwa tumelala sisi watoto, aliosha. Jumapili nililiona boksi likifunguliwa mezani, sikujua kwamba lilikwisha kufunguliwa. Baba hakuosha hata moja. Hakuwahi kuulizia anatumia sabuni gani.

"Ulipoliweka boksi mapajani mwangu," alisema, "sikuona gari. Niliona hakuna wa kulipeleka jikoni."

Nililia, tena si kidogo. Nililia kwa ajili ya baba, na kwa ajili ya zile Jumapili zangu nilizozitunza moyoni kama mali yangu na yake, watu wawili na redio, wakati mtu wa tatu alikuwa ameshughulika kabla hatujakaa, na alipopita na chai akituuliza kuhusu sokoni alikuwa anaitazama kazi yake. Ningejua, ningempa mama kiti. Ningevumilia yale malalamiko yake ya kichwa. Baba naye alilia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, na alipomaliza alijifuta kwa mkono wa shati, akashika mikono ya kiti, akasimama.

Aliichukua bodi. Alisema tulete spiriti, si thina ya kuyeyushia rangi, thina itakula plastiki yote tubaki na uji. Tuliifuta ile buluu kwa vitambaa mpaka vidole vyetu vikawa vya rangi moja. Kisha tukaenda jikoni, mafundi wawili wakubwa, tukasimama mbele ya karai bila kujua la kufanya. Mimi nilisema maji ya moto, ndiyo yanayotoa mafuta. Baba alisema ya moto yataikunja bodi kama chapati, ya uvuguvugu. Mimi nilisema sabuni ya vyombo, yeye akasema ya unga. Tulibishana mpaka tukashindana kwa sauti. Jirani alichungulia dirishani kuona kama kuna ugomvi. Burashi ikakosekana, na baba akaingia chumbani akatoka na mswaki, ule wake, anaoutumia. Nilimwuliza meno atayasafisha kwa kitu gani. Akasema meno yenyewe yamebaki mangapi.

Akasugua. Alianza na boneti, akaingia kwenye mifereji midogo ya milango, akageuza akasugua na ndani, mahali ambapo hakuna atakayepaona. Povu lilimfika kiwikoni. Mimi nilishika injini nikaisugua kwa kona ya kitambaa, kipande kwa kipande, nikajiuliza mama alifanyaje peke yake, na vipande vyote vile, asipoteze hata kimoja.

Baba aliinua bodi akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, maji yakimchuruzika mkononi, akairudisha kwenye karai. Haijatakata bado, alisema. Nikamwambia inatosha, kesho kutwa Jumamosi, na nguo zake sijazipanga.

"Mpigie kaka yako," alisema bila kugeuka. "Mwambie Jumamosi nina kazi."

Nilikuwa na sabuni mikono yote miwili, nikampigia hivyo hivyo.