Vitenzi vya Safari ya Meksiko

Ngendo alishika kitabu, mumewe Ngatia akagonga meza. Ndivyo walivyojifunza mwaka ule wa 1971, kila jioni baada ya chai, katika nyumba yao ya mbao kwenye shamba la ngano karibu na Timau. Ngatia alitaka nafasi ya kwenda Meksiko mwaka mzima kusomea mbegu za ngano, na hakuna aliyepelekwa bila kufaulu mtihani wa Kihispania. Ngendo alimtajia kitenzi, naye akakikata silabi kwa kugonga. Penye mkazo aligonga kwa nguvu. Majibu yalikuwa nyuma ya kitabu, mkononi mwa Ngendo.

Sembraré, nitapanda. Ngatia aligonga: sem, bra, ré, ya mwisho kwa nguvu. Ngendo akamwambia amekosea, mkazo uko katikati. Akagonga upya, akaharibu, akasifiwa.

Ngendo hakuwa na ugomvi na Meksiko. Ila Ngatia akiondoka, yeye angepelekwa Karatina kwa mama mkwe, ambaye alikuwa ameshamwonya kwamba kwake hakuna kulala hadi saa mbili kama mke wa mzungu.

Katika jaribio la kwanza mjini Nyeri, mtahini alicheka hadi akavua miwani. Ngatia alirudi, akachukua kitabu, akafungua kurasa za nyuma na kuyasoma majibu.

"Umenifanya mjinga mbele ya watu," alisema.

"Na wewe umenipeana kwa mama yako kama mbuzi. Uliniuliza?"

"Mama ameshasema."

"Basi akushikie kitabu."

Ngatia alisema mtihani wenyewe ni Jumatatu, na hapo shambani hakuna mwingine wa kumsomea. Hakuomba, alisema tu, uso umekaza. Ngendo alimtazama, akaona kwamba siku zote hizo amekuwa akipigana na safari isiyomkosea. Mtu aliye Meksiko atamburutaje mkewe hadi Karatina?

Akamnyang'anya kitabu.

"Keti. Utaenda. Mimi nitakaa Majengo na dada yangu Watiri, nishone nguo. Mama yako akinitaka, aje Nyeri anitafute."

"Huwezi kuthubutu."

"Cosecharán," alisema Ngendo. "Watavuna. Gonga, Ngatia."

Aligonga: co, se, cha, rán. Silabi ya mwisho aliigusa kwa kidole tu. Ngendo akaigonga mwenyewe kwa ngumi, vikombe vikaruka, akamtajia kitenzi kingine kabla hajafungua mdomo.